Milioni 700 za Ohtani si milioni 700

Mchezo wa saba wa World Series ya 2025, fainali ya besiboli ya Marekani, uliochezwa Toronto tarehe 1 Novemba, ulifunguliwa na warushaji wawili ambao hati zao za malipo zinafaa kusomwa pamoja. Wa Los Angeles Dodgers alikuwa Shohei Ohtani. Mkataba wake ni wa dola milioni 700, lakini mshahara wake wa msimu ule ulikuwa dola milioni 2. Wa Toronto Blue Jays alikuwa Max Scherzer, mkongwe wa miaka 41, aliyesaini mwaka mmoja kwa dola milioni 15.5. Mwaka huohuo Scherzer alikuwa na dola milioni 15 nyingine za kupokea kutoka Washington Nationals, klabu iliyoachana naye Julai 2021. Kwa maneno mengine, Nationals, waliomaliza msimu na ushindi 66 na vipigo 96, walikuwa wanamlipa mrushaji wa fainali karibu sawa na klabu aliyoichezea.

Dodgers walishinda 5-4 katika awamu ya 11, kwa pigo la mdakaji wao Will Smith, ambaye naye milioni 50 kati ya milioni 140 za mkataba wake zimesukumwa mbele, zilipwe miaka ya baadaye. Ulikuwa ubingwa wao wa pili mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu New York Yankees wa 1998 hadi 2000. Lawama zikawa zilezile za mwaka uliotangulia: Dodgers wanachukua nyota kwa mali kauli, wanacheza nao leo na kulipa 2034, huku klabu ndogo zikitazama tu. Lawama hizo zina ukweli ndani yake, ila ukweli huo haupo pale wengi wanapouonyesha.

Tuanze na kanuni. Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara kama ligi ya kikapu ya NBA au ile ya soka la Kimarekani ya NFL. Kilichopo ni mkataba wa pamoja kati ya wamiliki wa klabu 30 na chama cha wachezaji, MLBPA, na kuhusu malipo yaliyoahirishwa mkataba huo unasema wazi kwamba hakuna mpaka wa kiasi wala wa asilimia. Klabu na mchezaji wakikubaliana, karibu mshahara wote unaweza kusogezwa. Ohtani alifanya hivyo Desemba 2023: milioni 680 kati ya 700, yaani asilimia 97.

Wafuatiliaji wa soka watakumbuka Barcelona walivyoahirisha mishahara ya wachezaji mwaka 2020, wakati viwanja vilikuwa vitupu. Ile ilikuwa dawa ya dharura. Kwenye besiboli kuahirisha ni sehemu ya bei tangu siku ya kwanza ya mazungumzo, na klabu inaweza kufanya hivyo ikiwa na fedha tele benki.

Jinsi ya kupata bei halisi

Ili kuusoma mkataba wa aina hii unahitaji kujua mambo manne: mchezaji anapokea nini kila mwaka anaocheza, nini kinaahirishwa na hadi lini, kama fedha iliyoahirishwa ina riba, na kiwango gani kinatumika kuirudisha fedha ya kesho kwenye thamani ya leo. Hilo la nne ndilo magazeti huliruka, na ndilo linaloamua kila kitu.

Kwa Ohtani: dola milioni 2 kila mwaka kuanzia 2024 hadi 2033, halafu milioni 68 kila mwaka kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Kila msimu anaocheza unazalisha deni la milioni 68 linalolipwa miaka kumi baadaye. Kwa ajili ya kodi ya ligi, kiwango cha kupunguzia ni kile cha serikali ya Marekani cha mikopo ya muda wa kati, kinachotangazwa na mamlaka ya kodi kila mwezi. Ligi huchukua cha Oktoba kabla ya msimu wa kwanza wa mkataba. Oktoba 2023 kilikuwa asilimia 4.43.

Zidisha 1.0443 kwa yenyewe mara kumi, unapata 1.5426. Gawa 68 kwa 1.5426, unapata 44.08. Ongeza zile milioni 2 za mkononi: milioni 46.08 kwa mwaka, au karibu milioni 461 kwa miaka kumi. Hiyo ndiyo bei ambayo ligi inamwandikia Ohtani kwenye vitabu vya kodi. Ile 700 ni jumla ya noti za miaka tofauti, zikihesabiwa kana kwamba dola ya 2043 na dola ya 2024 ni kitu kimoja.

Ukibadili kiwango, bei inabadilika. Kwa asilimia 5, inayotumiwa na chama cha wachezaji, Ohtani anashuka hadi milioni 43.8. Kwa asilimia 10, ambayo ofisi ya ligi hutumia katika hesabu zake za kawaida za mishahara, anakuwa milioni 28.2. Mkataba mmoja, mchezaji mmoja, na vitabu vitatu vyenye bei tatu. Ndiyo maana mabishano ya mashabiki hayaishi: kila mmoja ana namba sahihi ya kitabu chake.

Sasa geuza hesabu hiyohiyo upate Bobby Bonilla, mchezaji wa zamani ambaye kila tarehe 1 Julai mashabiki wa New York Mets humkumbuka kwa kicheko. Mets walitaka kuachana naye wakiwa wanadaiwa dola milioni 5.9 za msimu wa 2000. Badala ya kumpa fedha hiyo, walikubaliana ilale kwa riba ya asilimia 8 hadi 2011, kisha ilipwe kwa mafungu 25 ya dola 1,193,248.20, la mwisho 2035. Milioni 5.9 ikikua kwa asilimia 8 kwa miaka 11 inafika milioni 13.76. Ukiigawa kwa mafungu 25 ya kila mwaka, salio likiendelea kuzaa asilimia ileile, linatoka fungu hilohilo hadi kwenye senti. Hakuna muujiza. Jumla ya karibu milioni 30 inachekesha kwa sababu watu wanajumlisha miaka 36 bila kupunguza chochote. Kosa la Mets lilikuwa kwingine: familia ya Wilpon, wamiliki wa wakati huo, iliamini kwamba fedha iliyobaki mkononi ingezaa zaidi ya asilimia 8, na sehemu kubwa ya uwekezaji wao ilikuwa kwa Bernard Madoff, aliyekuja kugundulika kuwa tapeli. Steve Cohen alipoinunua klabu 2020, alimnunua na Bonilla.

Tofauti kati ya Bonilla na Ohtani ni riba. Deni la Bonilla linakua, la Ohtani limesimama. Kwa hiyo ukisikia kiasi fulani kimeahirishwa, swali la kwanza liwe riba, kabla hata ya mwaka.

Kodi ya anasa na akiba isiyokuwepo

Badala ya kikomo, ligi ina kodi ambayo mashabiki wanaiita kodi ya anasa. Klabu ikipitisha jumla fulani ya mishahara, inalipa kwa kila dola ya ziada. Kizingiti kilikuwa dola milioni 241 mwaka 2025 na kimepangwa milioni 244 kwa 2026. Anayevuka mara ya kwanza analipa asilimia 20, mara ya pili mfululizo 30, mara ya tatu na kuendelea 50. Juu ya hapo kuna nyongeza kwa wanaovuka kwa mbali, na ukizidi kizingiti kwa zaidi ya milioni 60, nyongeza ni asilimia 60. Dodgers wako kileleni mwa ngazi hiyo: kila dola ya mwisho wanayoandika inawagharimu dola 1.10 nyingine ya kodi. Kodi yao ya 2024 ilikuwa dola milioni 103, na ya 2025 karibu milioni 169.

Kinachoingia kwenye hesabu hiyo ni wastani wa mkataba kwa mwaka, malipo yaliyoahirishwa yakiwa yameshapunguzwa. Hapo ndipo inapozaliwa hoja maarufu: Ohtani angepaswa kuandikwa milioni 70, kaandikwa 46.08, tofauti ni 23.92, zidisha kwa 1.10, basi Dodgers wamekwepa kodi ya milioni 26 kila mwaka.

Hoja inavutia, lakini inalinganisha na mkataba ambao haujawahi kuwepo mezani. Hakuna klabu iliyotaka kumpa Ohtani milioni 70 taslimu kwa mwaka. Kama wangeambiwa kuahirisha ni marufuku, wangezungumza kuhusu milioni 46 au 48 taslimu, na kodi ingekuwa ileile. San Francisco Giants walisema hadharani kwamba ofa yao ilikuwa ya muundo unaofanana sana na ule. Namba 700 ilimfaa Ohtani na wakala wake kwa heshima ya rekodi, na ilifaa vichwa vya habari. Kodi ilihesabu kilichouzwa.

Kuna mahali pengine penye tundu la kweli, na ni dogo zaidi. Kiwango cha kupunguzia kinafuata riba za serikali, kwa hiyo kinapanda na kushuka bila kumuuliza mtu. Oktoba 2020 kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 1. Chukua asilimia 1 kamili: milioni 68 ya miaka kumi mbele ingekuwa milioni 61.6 leo, na Ohtani angeandikwa 63.6. Muundo uleule, saini ileile, na tofauti ya zaidi ya milioni 17 kwa mwaka kwenye vitabu kwa sababu tu benki kuu ilipandisha riba. Si ajabu kwamba wimbi kubwa la kuahirisha lilikuja baada ya riba kupanda kuanzia 2022. Mchezaji anayetaka namba kubwa kwenye habari na klabu inayotaka namba ndogo kwenye kodi wanaweza kuridhika pamoja pale tu riba inapokuwa juu.

Halafu lipo suala la nani anazalisha nini kwa fedha inayosubiri. Fanya hesabu ya fungu la msimu wa 2024. Ili milioni 68 iwepo Julai 2034 kwa asilimia 5, klabu inahitaji kuwa na milioni 46 Julai 2026. Ikiizalisha kwa asilimia 7 badala ya 5, miaka minane baadaye kuna milioni 79. Inamlipa Ohtani na kubaki na 11. Ikipata asilimia 3, ina milioni 58 na inatoboa mfuko kwa karibu 10. Mmiliki mkuu wa Dodgers, Mark Walter, ndiye mkuu wa Guggenheim Partners, kampuni ambayo kazi yake ni kuzalisha fedha za watu. Mmiliki mwingine mwenye biashara moja na mkopo wa uwanja hana mashine hiyo. Huu ndio upendeleo halisi, na kodi ya anasa haiugusi kwa sababu haukai kwenye hesabu za mishahara.

Fedha lazima iwekwe kando, na kwa nini

Wengi hudhani Dodgers hawatatoa chochote hadi 2034. Sivyo. Mkataba wa pamoja unadai kwamba deni la msimu mmoja litengewe fedha, kwa thamani ya leo, kufikia tarehe 1 Julai ya pili baada ya msimu huo. Deni la 2024 linatakiwa kutengewa kabla ya 1 Julai 2026, la 2025 kabla ya 1 Julai 2027, na kuendelea. Kwa Ohtani peke yake ni zaidi ya dola milioni 40 kila mwaka. Klabu inapata nafuu ya miezi kama 20 hivi, si ya miaka kumi.

Kanuni hii ilitoka Arizona. Diamondbacks, klabu ya huko, walianza kucheza 1998 chini ya uongozi wa Jerry Colangelo, na wakataka ubingwa haraka. Walisajili nyota na kusukuma mbele mamia ya milioni ya mishahara. Kwa upande wa uwanjani ilifaa: 2001 Randy Johnson na Curt Schilling waliwapa World Series, mwaka wa nne tu wa klabu. Lakini kukopa harusi, kulipa matanga. Malipo yalipoanza kukomaa, klabu ilibana kila mahali, 2004 ikapoteza michezo 111, na mwaka huohuo washirika wake wakamwondoa Colangelo kwenye usukani. Mkataba wa pamoja wa 2002 tayari ulikuwa umeingiza sharti la kutenga fedha.

Sharti hilo halimgeuzi mchezaji kuwa mdai mwenye dhamana. Mei 2010 Texas Rangers walipoomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, juu kabisa kwenye orodha ya wadai wasio na dhamana alikuwa Alex Rodriguez, akidai karibu dola milioni 25 za malipo yaliyoahirishwa, ingawa alikuwa ameondoka Texas miaka sita kabla. Juni 2011 ikawa zamu ya Dodgers wenyewe, enzi za mmiliki wao wa zamani Frank McCourt. Kwenye orodha yao aliongoza Manny Ramirez, akidai karibu milioni 21, akifuatiwa na Andruw Jones mwenye milioni 11. Klabu inayotajwa leo kama bingwa wa kuahirisha ilifika mahakamani ikiwa na orodha ya wachezaji waliokuwa wakiisubiri fedha yao. Walter na wenzake waliinunua mwaka uliofuata.

Nikiwa wakala wa mchezaji wa kawaida, haya ndiyo ningemsomea kabla ya kusaini. Ahadi ni deni, lakini deni la klabu linategemea klabu kubaki na mapato. Mkataba wa televisheni wa Dodgers, wa miaka 25 na dola bilioni 8.35, unaisha 2038. Malipo ya Ohtani yanaendelea hadi 2043, na ya mchezaji mwenzake Mookie Betts hadi 2044. Miaka hiyo ya mwisho italipwa kwa mapato ambayo bado hakuna aliyeyasaini. Ohtani alijilinda kwa njia ya kipekee: mkataba wake unamruhusu kuvunja iwapo Mark Walter ataacha udhibiti wa klabu au Andrew Friedman ataondoka kwenye uongozi wa shughuli za besiboli. Mchezaji wa kati hapewi kifungu kama hicho.

Theluthi moja, na bonasi ya kusaini

Ohtani si kielelezo. Anaweza kuishi kwa milioni 2 kwa sababu matangazo ya biashara, ya Japani hasa, yanamwingizia makumi ya milioni kila mwaka. Ukitaka kuona Dodgers wanavyofanya kwa wengine, angalia uwiano. Betts: milioni 115 kati ya 365. Freddie Freeman: 57 kati ya 162. Will Smith: 50 kati ya 140. Tommy Edman: 25 kati ya 74. Teoscar Hernández: 23.5 kati ya 66. Wote wanazunguka theluthi. Ukimweka na Ohtani, pamoja na wengine wasiotajwa hapa, jumla ya madeni ya baadaye ya klabu imevuka dola bilioni moja. Yoshinobu Yamamoto, aliyekuwa mchezaji bora wa fainali ya 2025, ana milioni 325 bila hata senti iliyoahirishwa. Na mkataba mkubwa zaidi kwa jumla ya noti, wa Juan Soto na Mets, milioni 765 kwa miaka 15, nao hauna kuahirisha.

Pamoja na theluthi hiyo huja bonasi nono ya kusaini: milioni 65 kwa Betts, milioni 52 kwa mrushaji Blake Snell. Hapa mhasibu wa mchezaji ndiye anayeongea zaidi kuliko meneja. California, jimbo la Dodgers, inatoza kodi ya mapato inayofika asilimia 13.3, na mwaka 2024 makato mengine yaliifikisha 14.4. Bonasi ya kusaini, ikiandikwa ipasavyo bila masharti ya kurudishwa, hutozwa na jimbo anakoishi mchezaji, na majimbo kama Washington na Florida hayatozi kodi ya mshahara. Kwa malipo ya baadaye kuna sheria ya shirikisho ya 1996 inayozuia jimbo kumtoza mtu aliyehama, ikiwa fedha iliyoahirishwa inalipwa kwa mafungu yanayolingana kwa muda usiopungua miaka kumi. Rudi uangalie mafungu ya Ohtani: 2034 hadi 2043, kumi kamili, yanalingana. Akiwa amehamia Japani au Florida wakati huo, California huenda isipate kitu kwenye milioni 680. Januari 2024 mdhibiti wa fedha wa California, Malia Cohen, aliliomba bunge la Marekani liweke mipaka, na makadirio yaliyotajwa wakati huo yalikuwa kodi ya takriban dola milioni 98.

Kwa mizani ya ushindani, jambo hili linafanya kazi kinyume na watu wanavyodhani. Kodi ya jimbo ni udhaifu wa klabu za California na New York mbele ya zile za Texas na Florida. Kuahirisha kunaziba pengo hilo. Dodgers wanapata nafuu kwa gharama ya hazina ya jimbo lao, na mwathirika wake uwanjani ni Houston au Miami, waliokuwa wakiuza hali ya kutokuwa na kodi kama kivutio.

Klabu ndogo nazo hukopa

Mchezo huu haukuanzia kwa matajiri. Cincinnati Reds walimpata Ken Griffey Jr. mwaka 2000 kwa milioni 116.5, na karibu nusu, milioni 57.5, iliahirishwa. Wakamlipa takriban milioni 3.6 kila mwaka hadi 2024, miaka 14 baada ya kustaafu. Milwaukee Brewers walimbakiza Christian Yelich 2020 kwa milioni 215, milioni 28 zikisukumwa hadi kipindi cha 2031 hadi 2042. Bila njia hiyo, mji wa ukubwa wa Milwaukee ungemwona mchezaji bora wake akiondoka. Na Brewers si wanyonge: 2025 walimaliza na ushindi 97, rekodi bora ya ligi nzima, kabla ya Dodgers kuwafunga michezo minne mfululizo kwenye nusu fainali.

Mabaya yanatokea pale mwili wa mchezaji unapokwisha kabla ya deni. Baltimore Orioles walimpa Chris Davis milioni 161 mwaka 2016, milioni 42 zikiahirishwa. Kiwango chake kiliporomoka, akastaafu 2021, na bado ana milioni 3.5 kwa mwaka hadi 2032, kisha milioni 1.4 hadi 2037. Nationals walimpa Stephen Strasburg milioni 245 baada ya ubingwa wa 2019, sehemu yake ikiwa ya baadaye. Akarusha michezo minane tu kabla ya majeraha kumwondoa. Klabu tajiri ikipata hasara hiyo inasajili mwingine Desemba. Nationals wamekuwa wakijenga upya tangu 2021, huku fungu la Scherzer likiendelea kutoka hadi 2028. Chombo kilekile, matokeo tofauti, kwa sababu kinachokibeba chini yake ni mapato ya klabu.

Na wapo wanaokataa. Bryce Harper aliwekewa mezani na Nationals mwaka 2018 ofa iliyotangazwa kuwa ya milioni 300 kwa miaka kumi, ikiwa na kiasi kikubwa cha kuahirishwa kwa miaka mingi. Akaenda Philadelphia Phillies kwa milioni 330, miaka 13, bila kuahirisha hata dola. Ukipunguza ofa ya Nationals kwa thamani ya leo, hazikuwa karibu hata kidogo.

Pengo lenyewe

Dodgers wanapokea kwa wastani milioni 334 kwa mwaka kutoka kwenye televisheni ya nyumbani pekee, na 2025 waliuza tiketi zaidi ya milioni 4. Upande wa pili, kampuni ya Diamond Sports, iliyokuwa ikirusha michezo ya klabu nyingi za miji ya kati, iliomba ulinzi wa ufilisi Machi 2023, na baadhi ya klabu zikajikuta zinapokea pungufu ya zilichosaini. Ligi hukusanya asilimia 48 ya mapato ya ndani ya kila klabu na kuyagawa sawa, lakini kilichobaki kwa Dodgers bado kinatosha kulipa kodi ya milioni 169 bila kusitasita.

Ndiyo maana sioni marufuku ya kuahirisha ikileta chochote cha maana. Wamiliki waliwahi kulipendekeza kwenye mazungumzo ya 2021 na chama kikakataa. Tuseme kesho limepita: Ohtani wa baadaye atasaini milioni 46 taslimu, Dodgers watalipa, kodi itakuwa ileile, na Brewers watapoteza njia yao ya kumbakiza Yelich anayefuata. Wengine wanapendekeza deni lihesabiwe kwa noti kamili, 70 badala ya 46. Hilo litaua mikataba mirefu isiyo na riba, na mawakala watarudi kwenye ile yenye riba, kama ya Bonilla, ambayo noti zake zinafanana zaidi na thamani yake.

Yanayoweza kurekebishwa ni madogo na ya kiufundi. Kiwango cha kupunguzia kingeweza kufungwa kwenye wastani wa miaka mitano badala ya Oktoba moja, ili soko la riba lisiwape nafuu wanaosaini mwaka huu kuliko wa mwaka jana. Muda wa kutenga fedha ungeweza kufupishwa hadi mwisho wa msimu uleule; klabu yenye fedha haitaumia, na yenye kujidanganya itajulikana mapema. Na faida inayozalishwa na mfuko wa deni juu ya kiwango cha ligi ingeweza kuingizwa kwenye mapato yanayogawanywa. Hilo la mwisho ndilo pekee linalogusa upendeleo wa mmiliki mwenye kampuni ya uwekezaji, na sijawahi kuliona likijadiliwa kwa uzito.

Mkataba wa pamoja uliopo unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Wamiliki wengi wanataka kikomo cha mishahara. Wachezaji wamekipinga tangu mgomo wa 1994, uliofuta World Series ya mwaka ule. Katika mvutano wa ukubwa huo, malipo yaliyoahirishwa yana kila dalili ya kuwa kitu cha kubadilishana, kinachotupwa mezani saa za mwisho ili kila upande uondoke na ushindi wa kutangaza.